Dari Lilipokaa Kimya

Kabla sijasafisha chumba kilichofungwa muda mrefu, huwa nafungua madirisha yote, nauzuia mlango kwa jiwe usijifunge, kisha naenda zangu kunywa chai. Nikirudi nanyunyiza maji ya dawa sakafuni na kwenye pembe, nasubiri tena, ndipo nashika tambara. Ufagio mkavu siugusi. Nilipoanza kazi kwenye lodji moja pale Karatu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wenzangu walinicheka sana kwa hilo. Msimamizi akaniambia wageni hawaji Ngorongoro kunisubiri mimi nimalize chai. Nikamwambia basi afagie mwenyewe. Hakufagia.

Msimu mmoja wa mvua, wageni wakiwa wachache, mama mmoja wa Kimarekani alinikuta nimekaa kwenye ngazi nje ya chumba, madirisha wazi, ukungu wa msituni ukiingia na kutoka upendavyo. Akauliza nangoja nini. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha hotelini, kwamba nangoja vumbi la panya litulie. Sikutegemea aelewe. Yeye akakaa palepale kando yangu, akasema kwao milimani wanafanya hivyohivyo. Kuna virusi vinaitwa hanta. Panya anavibeba na wala haugui; anaviacha kwenye mkojo na mavi yake, na mtu akija kufagia kibanda kilichofungwa majira yote ya baridi, anavivuta pamoja na vumbi. Huanza kama mafua makali, alisema, mapaja na mgongo vinauma, homa inapanda, halafu mapafu yanajaa maji. Jirani yake alikwenda hivyo, mtu mwenye afya yake. Na zipo nchi ambako virusi vya jamii hiyohiyo hushambulia figo.

"Na ninyi hapa, ni huohuo?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, wetu ni ugonjwa mwingine na una njia yake, ila mwenye mzigo ni panya vilevile. Alisubiri niendelee. Sikuendelea, kwa sababu Kiingereza changu kisingefika mbali, na dereva wake alikuwa ameshaanza kupiga honi. Haya ndiyo ningemwambia.

Nimekulia Mbulumbulu, juu kabisa, mahali mashamba ya ngano yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Baba alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyekuja kufungua duka. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wa kwao kila pembe ya nchi hii. Mama alikuwa Mwiraqw wa hapohapo. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, na chini ya bati kulikuwa na dari la mbao ambalo halikuwekwa kwa urembo. Lilikuwa ghala. Mahindi yote ya mwaka yalipandishwa huko, juu ya jiko na juu ya vitanda vyetu, ili moshi uyakaushe na dumuzi wasiyatoboe. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa hivyo. Mtu aliyehifadhi mahindi yake nje tulimwona anawapikia wezi.

Kwa hiyo nimelala utoto wangu wote chini ya chakula, na chini ya panya. Walianza shughuli zao jua likizama. Kwanza mmoja, kama anayepima mbao kwa miguu, halafu kundi zima. Punje moja ikidondoka ilibiringika kutoka upande wa jiko hadi juu ya kitanda changu, na nyuma yake miguu midogo ikiikimbiza. Nilikuwa nalala chali nikiwafuata kwa macho, ingawa hapakuwa na cha kuona. Niliwapa harusi, niliwapa kuhama nyumba, niliwapa ugomvi wa mashemeji. Mama alikuwa akisema mvua ya wenzetu huja kwa msimu, ya kwetu hunyesha kila jioni. Nikiikumbuka miaka ile sasa, naiona yote kama jioni moja tu, yenye moshi na ukungu, na mvua ile kavu juu ya vichwa vyetu.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi za kweli. Mavuno yalikuwa makubwa hadi dari likapinda katikati, na panya nao wakavuna. Sijawahi kuona wengi hivyo. Walikula ngano shambani, wakala sabuni dukani, wakala pindo la gauni la mama la kanisani. Ukifungua debe la unga, mmoja alikutazama kana kwamba wewe ndiye mgeni. Baba akaona biashara. Aliagiza unga wa sumu kutoka Arusha, akawa anauchanganya nyuma ya duka na unga wa mahindi uliokaangwa pamoja na vumbi la dagaa, anaufunga kwenye vijifuko vya gazeti. Aliuchanganya sana.

"Baba watoto, hiyo ni sumu au ni lishe?" mama alimuuliza siku moja akiwa amesimama mlangoni.

"Wewe hujui biashara," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Panya wa huku wadogo. Ikizidi inawakimbiza."

Watu walinunua, panya wakala, wakanenepa. Sisi watoto tuliona. Lakini asubuhi moja mama alikuta panya amekufa kwenye kizingiti cha jikoni. Kesho yake watatu. Wiki haijaisha walikuwa kila mahali, njiani, kisimani, kwenye mahindi. Walitoka mchana kweupe wakipepesuka, wakaanguka mbele ya miguu yako bila hata kujaribu kukimbia. Kijiji kizima kikacheka. Watu walikuja dukani kumpa baba mkono, hata wale waliokuwa wakimsema kwa mizani yake. Na baba, Mungu ananisikia, kichwa kilimvimba. Alianza kutembea mikono nyuma. Alianza kuongea taratibu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na ibada ya shukrani ya mavuno. Kanisani kwetu, vitu vinavyotolewa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada, na huo mnada ndio unaowaamsha hata waliosinzia kwenye mahubiri. Palikuwa na mayai, kuku, maboga na miwa. Baba akaweka katikati yake kijifuko kimoja cha sumu ya panya. Mwinjilisti alikiinua juu kwa vidole viwili, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mnada ukapanda kuliko wa jogoo. Aliyeshinda alikuwa bibi mmoja jirani yetu, mjane, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kesho yake alikuja nyumbani na kibuyu cha maziwa mgando. "Mangi, mwanangu," alimwambia baba, "umetuletea usingizi." Baba alikipokea kibuyu kwa mikono miwili.

Na kweli, usingizi ulikuja. Jioni ile ya kwanza dari lilipokaa kimya kabisa nilidhani masikio yangu yameziba. Nilijilaza chali kama kawaida yangu, nikingoja wa kwanza apime mbao. Hakupima. Nikaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwapo siku zote: bati likipoa na kulia kidogokidogo, ng'ombe wa bibi jirani wakipumua, na mbali, ndani ya msitu, tembo wakivunja matawi. Nyumba yetu ilionekana kubwa. Ilikuwa kana kwamba kifuniko kimeondolewa na sisi tumelala wazi chini ya ukungu, hakuna anayetujua. Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Zilikuwa siku tamu. Mama aliimba akiosha vyombo. Asubuhi aliwakusanya panya waliokufa kwa mikia yao, kwa mkono mtupu, akawatupa shimoni nyuma ya migomba, na mimi na watoto wa majirani tulishindana nani ameokota wengi. Tulijikuna miguu. Viroboto walikuwa wengi mno, walituruka hadi mezani, lakini nani aliwahi kuugua kwa sababu ya kiroboto? Tulijikuna tukicheka.

Mama ndiye aliyeanza. Alitetemeka kwa baridi jua likiwa linawaka, akasema kichwa kinampasuka. Baba akachukua klorokwini dukani, kwa maana siku hizo homa yoyote ilikuwa malaria, hata kwetu kwenye baridi ambako mbu ni wa kutafuta. Kesho yake nilimwona anatembea huku miguu ameitenganisha. Nikamuuliza ana nini. "Nimeteguka nikitua ndoo," akasema. Jioni nilimsaidia kuoga, kanga ikamponyoka, nikaona. Kwenye kinena, juu ya paja, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku, umewiva, ngozi inang'aa.

Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usimwambie baba yako. Wala mtu yeyote."

Nilielewa, maana nilikuwa nimekua vya kutosha kuyasikia maneno ya kisimani. Mwanamke mwenye mtoki mahali pale alikuwa na hadithi moja tu kwa majirani, na hadithi hiyo ilikuwa na mwanamume ndani yake. Mama, mke wa Mangi, mwimbaji wa kwaya, alikuwa tayari kufa na ule uvimbe kuliko kuuonyesha. Hilo neno kufa sikulisema hata moyoni, lakini nililijua. Nililala kando yake nikisikiliza pumzi zake katika ule ukimya mkubwa, na kwa mara ya kwanza ukimya haukuwa mtamu. Niliomba panya mmoja tu apite juu, nisisikie pumzi zile tu.

Kulipokucha alikuwa anaongea na mama yake aliyekufa zamani. Baba akambeba mgongoni hadi zahanati, mimi nikifuata na kanga zake. Daktari alikuwa ameshuka Karatu. Tulimkuta nesi, mwanamke wa makamo ambaye kabla ya kuletwa kwetu alikuwa amefanya kazi Lushoto. Alimuuliza mama anaumwa wapi. Mama aligeuza uso ukutani, magoti ameyabana. Basi nesi akamuuliza baba.

"Mnahifadhi wapi mahindi?"

"Darini, sista, kama watu wote."

"Na panya mnao?"

Mimi nilikuwa namtazama baba. Alikuwa amechoka, shati limelowa, macho mekundu, lakini swali lile lilimnyoosha mgongo. "Panya hatuna tena," alisema. "Nimewamaliza mimi kwa dawa yangu. Kijiji kizima. Wanatoka mchana kweupe, wanaanguka wenyewe. Muulize yeyote."

Nesi aliiweka kalamu yake mezani. "Wanatoka mchana?"

"Mchana."

"Hata kwenye nyumba ambazo hazikununua dawa?"

 Nilimwona baba akipita kijijini kwa akili yake, nyumba baada ya nyumba, kwa wanunuzi na kwa wale ambao hawakuwahi kukanyaga dukani kwake, na kila mlango alikuta panya wamelala chali. Aliketi kwenye benchi polepole.

Nesi alivuta pazia, lakini pazia halizuii sauti. "Mama, nionyeshe."

Nilisikia kitanda kikilia, mama akijisogeza ukutani.

"Mama, sikiliza. Huu si ugonjwa wa aibu. Umeletwa na panya, si na mtu. Nionyeshe nikutibu, una mtoto hapo nje."

Ndipo mama akalia, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea akiona kwao. Mpaka leo naamini kilikuwa kilio cha kutua mzigo. Nesi akamchoma sindano ya kwanza palepale. Alipotoka alimweleza baba, bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko ukali. Ni tauni, alisema, aliiona Lushoto. Panya walikuwa wanaumwa wao wenyewe. Wakifa, viroboto wao wanakosa pa kunyonya, wanahamia kwa watu. Panya akikimbia juu ya dari ni msumbufu. Akitoka mchana kufa mbele yako, hapo ndipo pa kukimbilia zahanati. Neno tauni nililijua kutoka kwenye Biblia tu, pamoja na Farao. Sikujua kwamba linaweza kufika Mbulumbulu.

Lori la ngano lilikuwa likishuka Karatu. Wakamlaza mama juu ya magunia, baba amempakata kichwa, na dereva akaendesha kwa upole ambao madereva wa lori hawanao. Nililitazama mpaka vumbi jekundu likalifunika, kisha vumbi lenyewe likafunikwa na ukungu. Nesi alinipa vidonge na kuniweka kwake. Mchana ule alipanda njia ya kwetu kuwaonya watu. Alichelewa kwa nyumba moja. Bibi mwenye kibuyu alikuwa ameamkia homa siku mbili kabla, akajilaza, akasema ni uchovu wa mavuno. Walimkuta ameshakata roho.

Watu wa wilayani walikuja na mabomba ya dawa ya viroboto, ya unga. Walitushushia mahindi yote uani, wakapuliza ndani, juu, chini, uvunguni. Niliruhusiwa kuchungulia kutoka mlangoni. Kila kitu kilikuwa cheupe: kitanda changu, sufuria, gauni la mama lililoliwa pindo, kibuyu cha bibi kwenye rafu. Dari lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na jua liliingia kwenye nyufa zake, likashuka kwa mistari ndani ya ule unga uliokuwa bado unaelea. Ilikuwa nzuri, ile nyumba. Nilisimama nikaichukia.

Baba alirudi baada ya siku kadhaa, akasema mama anameza uji. Halafu akakiona kibuyu. Kwetu kule chombo cha jirani hukirudishi kitupu, ni tusi. Walau chumvi, walau maharage. Nilimtazama akikiosha, akakijaza sukari, akaimwaga. Akakijaza mchele, akaumwaga. Mwisho alikibeba hivyohivyo hadi msibani, kitupu, nami nikamfuata nikiona haya njia nzima. Mtoto mkubwa wa bibi alisimama kumpokea. Baba hakungoja apewe kigoda.

"Dawa yangu haikuua kitu," alisema mbele ya watu wote. "Niliichanganya mno. Haijawahi kuua. Mama yenu alinishukuru kwa bure, na mimi nikapokea. Nimetafuta cha kutia humu, sikukiona."

 Nilidhani watampiga. Yule mtoto wa bibi alikiangalia kibuyu, akakisukuma taratibu kifuani kwa baba. "Kaa nacho, Mangi," akasema. "Mama alikupa wewe." Kisha akamvutia kigoda.

Mama alirudi amekonda hadi pete ya ndoa ameifunga uzi. Alipona, wote walisema amepona, lakini hakuwa analala. Mahindi sasa yalikaa nje kwenye ghala la miti lenye miguu mirefu, kama nesi alivyotaka. Hatukuwa na kitu juu yetu ila mbao. Kila jioni mama alijilaza chali, macho wazi, akiliangalia dari. Sikuhitaji kumuuliza anasikiliza nini. Baba alikaa upande wa pili na taa, anamgusa paji la uso, anaondoa mkono, anamgusa tena. Alipungua naye. Vijifuko vya gazeti alivichoma vyote, na mtu akimuulizia sumu alisema hauzi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunyesha tulipomsikia. Alikuwa mmoja tu. Alipima mbao juu ya jiko, akasimama, akapima tena. Kisha kitu kikachomoka kwenye ufa, punje fulani iliyosahauliwa na watu wa wilayani, ikaanza kubiringika, na miguu midogo ikaifuata mbiombio.

Baba alirukia ufagio. Alikuwa ameshauinua kuligonga dari pale mama aliposema, "Baba watoto, ngoja."

Alingoja, ufagio juu. Sote watatu tukainua nyuso. Panya akaenda hadi juu ya kitanda changu, akageuka, akarudi na punje yake.

"Anakimbia," baba akasema.  Akaushusha ufagio. "Anakimbia vizuri kabisa."

 Mama alikuwa ameugeukia ukuta, kanga hadi masikioni, na kabla ile punje haijafika upande wa jiko tulimsikia anakoroma.